Homa ya Mstari wa Thelathini na Moja

Buhare tulikuwa tumeshaiacha nyuma ndipo yule binti aliyekaa mbele na dereva akageuka, akaniuliza kupitia kidirisha cha nyuma nashukia wapi. Nikamwambia popote penye chai. Akasema basi nitashukia Bunda, maana na wao walikuwa hawajanywa.

Nilikuwa nyuma ya pikapu, mgongo nimeegemeza kwenye sanduku kubwa la mbao lililofungwa kamba. Kifurushi changu kilikuwa miguuni: blanketi, shati, sufuria ndogo. Fimbo niliishika mkononi. Kitaji, nyumbani kwa Dorkas, mtoto wa marehemu kaka yangu, nilikuwa nimetandika kitanda na kuosha kikombe. Mwenyewe alikuwa sokoni na dagaa zake. Angerudi jioni akute kimya. Ndivyo nilivyokuwaga naondoka kwa watu, bila ugomvi na bila kuagana. Siku zikianza kufanana, au jambo likiharibika na mkono wangu umo, miguu inaanza kuwasha.

"Humu kuna nini?" nikamuuliza yule binti.

"Roboti."

"Inafanya kazi gani?"

"Inakagua sola, babu. Tuna shamba la sola kule Mugeta. Hii inapita kwenye mistari inaangalia paneli ipi nzima, ipi mbovu."

"Na wewe unafanya kazi gani?"

Dereva alicheka mpaka gari likayumba. Binti akasema, "Mimi naiangalia yenyewe isiharibike."

Jina lake Gloria, fundi, mzaliwa wa Bunda. Kwenye chai akaniuliza habari zangu nikampa chache. Darasa la kwanza na la pili nilisoma Butiama, la tatu nikalisomea Tarime, la nne nililipata mgodini, kwenye masomo ya watu wazima, kwa mwalimu aliyekuwa anafundisha akiwa amevaa kofia ya chuma. Nimevua samaki, nimelima tumbaku ya watu, nimelinda maduka. Yeye akasikiliza, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Kuchunga unajua?"

"Nimezaliwa nachunga."

"Basi nina ndama wa magurudumu. Nahitaji mtu wa kutembea nyuma yake."

"Anakula nini?"

"Umeme."

"Anapiga teke?"

"Bado."

Hivyo ndivyo nilivyofika Mugeta.

Shamba lenyewe lilikuwa mistari arobaini na minne ya paneli, zimesimama juu ya miguu ya chuma, zimelala kidogo kama mtu anayeota jua. Roboti tulipoitoa kwenye sanduku ilikuwa na magurudumu manne ya mpira na shingo ndefu ya bata mzinga. Juu ya shingo macho mawili. Moja linapiga picha kama hizi za kwetu. La pili linapiga picha ya joto. Ilitoka bandani yenyewe kila Jumanne na Ijumaa saa nne, ikapita mstari kwa mstari mpaka mchana, na betri ikikaribia kuisha inageuka kurudi bandani kunyonya umeme. Kwa ajili hiyo watu wa Mugeta wakaiita Ndama. Kazi yangu ilikuwa kung'oa majani yaliyojisokota kwenye magurudumu, kuondoa mawe mbele yake, kufukuza mbuzi, na kuinyanyua ikitumbukia kwenye shimo la panya.

Katikati ya shamba, kati ya mstari wa thelathini na moja na wa thelathini na mbili, kulikuwa na njia ya ng'ombe. Zamani eneo lote lile lilikuwa malisho. Kampuni ilipolichukua, wazee wa pale walikubali kwa sharti moja, kwamba wakati wa kiangazi mifugo ipite katikati kwenda lamboni kunywa, asubuhi na alasiri. Upana wake hatua kumi na mbili. Njia ya kuzunguka shamba ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na mwezi wa tisa ng'ombe aliyekonda hawezi saa nne za kiu kila siku. Mkubwa anaweza akajikongoja. Ndama na wenye mimba hawafiki.

Mtu wa mbele kwenye njia ile alikuwa Isaya, mwanaume wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mdomo wake hauna mlango.

"Shikamoo mzee Stanislausi," alikuwa ananisalimia kila akipita. "Vipi huyo wako, ameshakamuliwa?"

"Marahaba. Amekamuliwa, maziwa yamekwenda Dar es Salaam."

"Ukimchoka utuletee tumchinje, tuone nyama ya betri."

"Meno unayo wewe?"

Kisha anapita, ng'ombe wake sitini na kitu wanajipanga wenyewe katikati ya njia, hakuna anayegusa chuma. Nilikaa pale miezi mitano. Kwangu miezi mitano mahali pamoja ni mingi.

Mwezi wa nane, Jumanne moja, Gloria akaniita nione tableti yake. Picha ya joto ilikuwa ya bluu tupu, isipokuwa paneli moja ya mstari wa thelathini na moja, kandokando ya njia. Hiyo ilikuwa na doa la njano, katikati jekundu.

"Huyu ana homa," akasema.

"Dawa yake?"

"Kipuri kidogo hapo nyuma. Nimeshaandika, tunasubiri kitoke Dar es Salaam. Wiki tatu, nne."

Yeye kwake ilikuwa namna ya kusema tu. Mimi nililala na neno lile. Wiki nne mgonjwa yuko juani? Kwetu ndama akishikwa na homa hasubirishwi. Unamtia kivulini, unaloweka gunia, unamfunika mgongo, ukikauka unaloweka tena. Na waliofungwa naye kamba moja unawafunika pia, maana homa ya ng'ombe haikai kwa mmoja.

Siku zisizo za roboti, Gloria alikuwa anashinda ofisini, ng'ambo ya shamba. Saa saba, jua likiwa kichwani, nikachota maji lamboni kwa dumu, nikaloweka magunia matatu ya katani, nikamfunika mgonjwa na jirani zake wawili, kila mmoja nusu. Kioo kilitoa mvuke. Nikaona imemsaidia. Alasiri nikayaondoa, nikayaficha chini ya mstari. Sikumwambia Gloria. Nilitaka siku moja aangalie tableti akute bluu tupu, aniulize, nimwambie kwa mdomo wangu.

Ijumaa picha zikaonyesha doa limekua. Nikajua dozi ilikuwa ndogo. Nikaongeza, kila siku isiyo ya Ndama, maji baridi ya asubuhi niliyoyahifadhi kivulini. Wiki ya pili jirani wa kushoto akawa na doa. Nikasema si nilijua, imeambukiza. Nikaendelea.

Jumatano ya wiki ya tatu nilitandaza gunia likiwa linachuruzika, jua lile kali, nikasikia chini yake *tak*. Kama yai kwenye ukingo wa sufuria. Nikalivua haraka. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Nikaangalia cha jirani, nacho kilikuwa na wake, sijui wa siku gani. Sikuita mtu. Nilikunja magunia, nikayapeleka mbali, nikayatupa kichakani. Moyo wangu uliniambia nimevunja. Sikuutaka unieleze zaidi.

Ijumaa Ndama akapita. Sikuweza kumzuia. Nilifikiria kumlaza ubavu, nikaona aibu. Alisimama mbele ya zile paneli, akanyanyua shingo, akazitazama kwa macho yake mawili, akaenda zake. Picha zile haziendi kwa Gloria peke yake. Zinakwenda moja kwa moja mpaka kwa meneja, Musoma.

Alhamisi iliyofuata meneja akaja. Benson anaitwa, mtu mpole, viatu safi. Alikuwa na karatasi. Akatusomea pale pale njiani, Isaya na wenzake watatu wakiwa wamesimama na fimbo zao. Kwamba paneli za mstari wa thelathini na moja zimepasuliwa kwa mawe. Kwamba mstari huo unapakana na njia ya mifugo. Kwamba kuanzia Jumatatu njia itafungwa kwa seng'enge, na mifugo itazunguka.

"Jiwe liko wapi?" Isaya akauliza.

"Jiwe haliwezi kukaa linasubiri, ndugu yangu."

"Nimepita hapa tangu mwezi wa sita. Nina ng'ombe kumi na mmoja wenye mimba. Nitatupia jiwe mlango wa maji yangu mwenyewe? Mimi ni mwehu?"

"Sijasema wewe. Nimesema watu wa mifugo."

"Watu wa mifugo ni sisi hawa wanne, hesabu. Bwana Benson, ukitufunga Jumatatu, mpaka mvua zinanyesha mimi ni mtu wa ngozi. Nitakuwa nauza ngozi."

Benson akasema anasikitika, ila ripoti ni ripoti. Isaya akanigeukia.

"Mzee, wewe unashinda hapa. Umewahi kutuona na jiwe?"

"Sijawaona," nikasema.

Hiyo ilikuwa kweli, na niliishia hapo.

Walipoondoka, Gloria akabaki anazitazama zile paneli, mikono kiunoni.

"Hii homa inanichanganya, babu. Ilikuwa moja, kipuri tu. Sasa ni tatu. Kama kuna kitu kinazikalia."

"Zikikaliwa kuna nini? Si zinapata kivuli?"

"Kivuli ndicho kinachoziunguza."

Nikamwambia sijamwelewa. Akachutama, akachora chini kwa kijiti.

"Unajua ng'ombe wa jembe? Ndani ya kioo hiki kuna vipande sitini, vimefungwa kamba moja kama hao. Jua likipiga wote wanavuta. Ukimfunika mmoja, analala. Lakini wenzake wanaendelea kuvuta, na yeye yuko kwenye nira. Wanamburuta. Ngozi inachubuka. Doa jekundu ndilo hilo, ni yule anayeburutwa."

"Na maji?"

"Maji gani?"

"Mvua. Mvua ikipiga kioo cha moto."

"Mvua inakuja na mawingu, inakuta kimeshapoa. Ukimwagia maji ya baridi saa saba mchana, hapo utakipasua."

Nikakitazama kile kijiti chake. Niliwahi kulima na ng'ombe wanne, Tarime. Aliyelala kwenye mtaro namkumbuka mpaka leo, na nyuma ya jembe nilikuwa mimi.

Asubuhi ya Ijumaa nilitandika kitanda, nikaosha kikombe, nikaondoka.

Butiama nilifika alasiri kwa lori la mchanga. Dada yangu Nyamburi alikuwa uani anapepeta ulezi. Ni mjane, mdogo kwangu kwa miaka sita, na hajawahi kuhama pale. Aliniona nikiingia na sufuria yangu, akaendelea kupepeta.

"Karibu kaka. Kaa hapo kwenye kigoda. Safari hii umeacha nini motoni?"

"Salamu gani hiyo?"

"Ulipotoka mgodini ulikuja hapa, kesho yake tukasikia pampu ya maji imeungua. Ulipotoka kwa yule mwenye mitumbwi ulikuja hapa, tukasikia nyavu zimeoza ghalani. Mimi nikikuona na hiyo sufuria, najua kuna mahali moshi unafuka."

Alinipa uji, na siku ya pili akanipa jembe, nikalima kipande chake cha mihogo mpaka mgongo ukakataa. Jumapili nikamsindikiza misani, nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Padri alihubiri nini sikumbuki. Nilikuwa nahesabu. Jumapili saa nne, Isaya anapitisha ng'ombe kwa mara ya mwisho asubuhi. Saa kumi anapitisha mara ya mwisho kabisa.

Tulipotoka kanisani Nyamburi akaniuliza, "Nikupikie cha kulala au cha njiani?"

"Cha njiani."

"Njia ya wapi?"

Nikamwonyesha kwa fimbo kule nilikotoka. Akanitazama kidogo, akasema basi atanifungia na viazi.

Jumatatu nilifika Mugeta saa tatu. Nguzo za mbao zilikuwa zimeshachimbiwa mdomoni mwa njia, na vibarua walikuwa wanakunjua seng'enge. Benson alikuwepo, kivulini mwa gari lake. Gloria alikuwa amekaa juu ya jiwe, Ndama yuko mbele yake kalala ubavu, gurudumu moja limelegea. Ijumaa alikosa mchungaji, akaingia shimoni. Upande wa pili wa nguzo alisimama Isaya na ng'ombe wake, wanasukumana, wanalia. Wale hawajui karatasi. Walikuwa wanajua saa ya maji tu.

Nikamwendea Benson, nikavua kofia.

"Hakuna aliyetupa jiwe," nikasema. "Nimezipasua mimi."

Nikamweleza. Homa, magunia, dumu, *tak*. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikairudia kwa nguvu ili na Isaya asikie. Vibarua waliacha kazi kusikiliza. Mmoja akaanza kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu.

Benson alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika bega.

"Mzee, naheshimu umri wako. Naelewa unataka kuwasaidia ndugu zako."

"Si ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Butiama. Hapa Mugeta sina hata shemeji."

"Umeondoka Ijumaa bila kuaga. Leo unarudi na hadithi ya magunia. Magunia yenyewe yako wapi?"

Nikaenda kichakani, yeye akinifuata na viatu vyake safi. Hayakuwepo. Katani haikai kichakani siku kumi na mbili, kuna mtu kayaokota akaweka mahindi. Nikarudi nikasimama kama mtu aliyedaiwa ushahidi wa ndoto yake.

Hapo Gloria akanyanyuka. "Babu, ulitumia maji ya wapi?"

"Ya lambo."

"Yana tope?"

"Tope tupu."

Akafungua tableti. Akasema Ndama anapiga picha mbili kila mahali, ya joto na ya kawaida, ila wao wote, yeye, meneja, na watu wa Dar es Salaam, wanatazama ya joto tu. Ile ya kawaida inalala humo humo hakuna anayeifungua; safari hii meneja alifungua moja tu, ya ufa. Akawa anarudi nyuma Jumanne baada ya Ijumaa. Tulimzunguka. Isaya akapenya kati ya nguzo akaja, na hakuna aliyemkataza.

Kwenye picha ya kawaida kila paneli ya mstari ule ilikuwa na vumbi sawasawa. Tatu tu zilikuwa na alama ya tope, pembe nne zimenyooka, ukubwa wa gunia. Wiki ya kwanza ilikuwa hafifu. Wiki ya pili imekolea. Na kwenye ile ya Ijumaa ya pili, imeegemezwa kwenye mguu wa chuma chini ya mgonjwa wangu, kulikuwa na fimbo. Niliisahau pale siku moja nikairudia jioni. Kichwa chake kina waya wa shaba nilioufunga mwenyewe. Benson akaitazama picha, akaitazama iliyo mkononi mwangu.

Gloria akaikuza picha ya ufa. "Na jiwe linaacha tundu, nyufa zinatawanyika kutoka hapo. Huu umeanzia ukingoni. Ningejua mapema kama ningezifungua zote." Akaifunga tableti. "Na neno la homa nilikupa mimi."

"Wewe ulisema ni kipuri," nikamjibu. "Magunia hukuyasema."

Benson alivuta pumzi akaenda kupiga simu, muda mrefu. Tulikaa tunasikiliza ng'ombe. Aliporudi aliwaambia vibarua waikunje ile seng'enge.

Nilidhani Isaya atanipa mkono. Alisimama mbele yangu, uso wake umekauka.

"Ulijua lini kwamba tunasingiziwa?"

"Alhamisi. Nilipokuambia sijawaona na jiwe."

"Alhamisi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Siku hizo mke wangu hakuuza maziwa, aliona aibu kupita, watu wanamwita mke wa mvunja umeme. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Butiama."

"Ulikuwa unafanya nini Butiama?"

"Nalima mihogo."

"Ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Angalau," akasema. Akapiga mluzi, ng'ombe wakapita kati ya nguzo zile mbili, kwa kujibana, wakaelekea majini. Hakunigeukia tena siku ile.

Mimi niliachishwa kazi mchana huo huo. Nilimsaidia Gloria kukaza gurudumu la Ndama kwanza, kisha nikazunguka kuwaaga, mmoja mmoja, hata vibarua. Ilinichukua saa nzima, maana sina mazoea.

Njia ya ng'ombe haikufungwa. Nguzo ziliwekwa pande zote mbili na upana ukapungua kwa hatua tatu. Paneli zote tatu zilibadilishwa mwezi wa kumi na moja, pamoja na kile kipuri. Benson alihamishiwa mkoa mwingine. Isaya alipoteza ndama wawili kiangazi kile, kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, si kwa kiu. Wale kumi na mmoja walizaa. Gloria bado yuko Mugeta, na sasa ana roboti mbili. Anayetembea nyuma yao ni Rhobi, mke wa Isaya. Ndama alivunjika shingo wakati wa masika akawekewa nyingine. Nyamburi alifariki wakati wa Kwaresima, nikiwa kwake, nikamzika. Dorkas alinipokea tena Kitaji, akaniuliza swali moja tu, kwa nini sikuaga, nikamjibu. Nina mwaka na miezi miwili hapa. Kikombe changu kiko mezani, hakijaoshwa.